Nilikiunguza Kisu cha Baba Mkwe, Nikaiachia Mikono Yake Lawama

Mkosaji ni mimi. Nalisema mwanzoni ili mtu asije akafika katikati ya barua hii akaanza kunitafutia kisingizio. Nimekitafuta mwenyewe miezi saba na sijakipata.

Jina langu siandiki, na ya wengine nimeyabadilisha. Watu wa Kibugu watanijua tu, wao kisa wanakijua. Ninawaficha ninyi wengine, maana bado nafanya kazi na watu wanaoniheshimu kidogo.

Mimi ni karani katika ofisi moja hapa Makutano, mjini Meru. Kitu kikali zaidi ninachoshika kazini ni stepla. Nilizaliwa Ruiri kwa watu wa mifugo, na kaka zangu wote walijua kuchuna mbuzi mapema, lakini mimi nilikuwa yule wa kutumwa chumvi. Nikiona damu magoti yanalegea. Sijui kwa nini mtu kama mimi akaja kupenda visu.

Lakini nilivipenda. Si kuvitumia, kuvitazama. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikirudi nyumbani naketi na simu natazama wanaume wenye ndevu wakinoa visu kwenye misitu ya ng'ambo. Nikajua chuma kigumu na chuma laini, jiwe la kukwaruza na jiwe la kumalizia, na namna ya kulaza kisu juu ya jiwe. Saa ya chai ofisini nilikuwa nawahubiria wenzangu, watu ambao hawakuwa wameuliza.

Hubiri langu kubwa lilikuwa hili: kisu na joto haviendani. Makali yakipata moto hadi yabadilike rangi, ule ugumu wa chuma umekwisha. Kitanoleka, ndiyo, hata kitanyoa, lakini kikifanya kazi kidogo makali yanajikunja kama karatasi. Nimelisema hilo mara nyingi kiasi kwamba dada wa mapokezi analijua kwa moyo. Kwa hiyo siwezi kudai sikujua.

Mwisho wa mwaka nikaagiza kisu changu cha kwanza. Cha wawindaji, kile kisichokunjwa, chenye ala ya ngozi ya kuning'iniza kwenye mshipi. Sisi hatuwindi. Hata swara akikatiza shambani ni wa serikali. Lakini kilikuwa kizuri jamani, kinene mgongoni, cheusi, na juu kina meno kama msumeno. Nikakifunga kiunoni tukaenda kwa wakwe zangu Kibugu, upande wa Embu.

Baba mkwe ni mkulima wa chai. Amepita miaka sabini, ni mtu wa kanisa, na maneno yake ni machache. Pale kwao yeye ndiye mwenye kisu. Kukiwa na ruracio, yaani siku ya wakwe kuja kwa ajili ya mahari, yeye ndiye anayemchuna mbuzi na kumgawa. Ngozi hutoka bila tundu hata moja. Mifupa haivunjwi kwa shoka, huitenganisha kwenye viungo, na kila kipande kina mwenyewe: bega lina watu wake, mbavu zina watu wake, kichwa kina watu wake. Ukikosea kukata, umemkosea mtu heshima mbele ya ukoo wake. Ndiyo maana majirani huja kumwita hata kwa sherehe zao.

Asubuhi ile alikiona kisu changu, akanyoosha mkono, nikampa. Akakigeuzageuza.

"Hii ni ya kufanya nini, Baba Kendi?" Kendi ndiye binti yetu wa kwanza, na wakwe zangu huniita kwa jina lake.

"Ni ya kuwinda, Baba."

"Unawinda nini?"

Nikajifanya kurekebisha ala kiunoni. Akagusa meno ya juu. "Na hii?"

"Ni ya kukata miti, ukipotea kwa forest."

Akagonga kioo cha duara kwenye mpini. "Na hii saa?"

"Si saa, Baba. Ni dira. Inakuonyesha north ni wapi."

Akatazama upande wa kaskazini, ambako mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, kisha akanirudishia kisu changu. "Sawa," akasema.

Shemeji yangu Njeru, kaka wa mke wangu, alisisitiza tukijaribu kwa mbuzi wa siku ile. Nikapewa mguu wa nyuma. Kisu kilikuwa kinene, hakiingii kati ya ngozi na nyama, kinasukuma tu kama mtu anayefungua mlango kwa bega. Nikatoboa ngozi mara tatu. Njeru alicheka hadi akaketi chini. Baba mkwe hakucheka. Alichukua kisu chake akamaliza ule mguu haraka, kimya, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Kisu chake ni hiki: mhunzi mmoja wa zamani alikitengeneza kwa springi ya lori, mpini ni wa mti wa kwao, na kimenolewa miaka mingi hadi kimebaki chembamba kama kidole. Hakina ala, hukifunga kwa kitambaa. Ukikiona sokoni hutainama kukiokota. Na ndicho kisu cha kuchunia mbuzi, wasomaji wenzangu: chembamba, kifupi, mgongo mwepesi, kinachotii mkono. Nilikuwa nimetazama video mwaka mzima na hilo lilinipita.

Aibu ikanipanda kichwani. Nikasema mbele ya wote, "Kisu chako ni kizuri, Baba, lakini kunoa kwenu ni kwa zamani. Nipe nikakinoe kisasa. Nitakileta kinanyoa nywele za mkono."

Hakutaka kunipa. Mke wangu, Wawira, akamwomba kwa sababu alinionea huruma. Na kweli macho ya mzee ya karibu yamepungua, kunoa kulikuwa kunamchosha. Mwezi uliofuata kulikuwa na ruracio ya Igoki, mdogo wake Wawira, na wakwe wapya walikuwa wanakuja kutoka mbali. Mwishowe akakifunga kwa kitambaa akaniwekea mkononi.

"Noa polepole," akasema. "Hii kisu haitaki haraka."

Nyumbani Meru nilitoa mawe yangu niliyoagiza, nikayalowesha kwenye beseni, nikavaa aproni. Kila nikivuta kisu, mkono unainuka. Kulaza kisu jinsi wale wenye ndevu wanavyolaza ni kazi ya mkono uliozoea, si ya mkono wa stepla. Jioni ya kwanza kikawa butu kidogo. Ya tatu Wawira alijaribu kukata nyanya, nyanya ikapasuka. Alichukua kile kisu chake cha mpini wa plastiki akaendelea kupika.

Ijumaa, siku moja kabla ya safari, nilitoka kazini nikakipeleka kwa fundi mmoja wa mageti hapa Makutano.

"Hii ni kitu ya dakika mbili, boss," akasema. "Tunapitisha na grainda inakuwa wembe."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Una maji ya kuipoza?"

"Maji ya nini? Tunapika chai?"

Nikacheka ili nisionekane mjinga. Hapo ndipo nilipouza akili yangu. Akawasha lile gurudumu la umeme la kusagia chuma, cheche zikaruka, harufu ya chuma kilichoungua ikanijia puani, na aliponyanyua kisu makali yote yalikuwa ya samawati. Yalikuwa yanameta kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Nilijua nilichokiona. Hakuna mtu Meru nzima aliyejua vizuri kuliko mimi.

Mngeniuliza, mtu mwenye akili angefanya nini? Angepiga simu. Angesema, "Baba, nimekiharibu kisu, tafuta kingine." Mimi nilinunua msasa. Nikaketi jikoni nikasugua ile rangi hadi ikaisha yote, huku nikiimba wimbo wa kanisa. Nilikuwa nasafisha ushahidi.

Kesho yake asubuhi pale Kibugu nilijinyoa kipande cha mkono mbele ya watu, nywele zikadondoka. Baba mkwe alijaribu makali kwa kidole gumba, akanitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umejua kazi," akasema. Alikuwa hajawahi kunisifu tangu nimwoe binti yake. Nikapokea ile sifa nikaitia mfukoni.

Wakwe wakaja, wakaimba langoni, wakaingia. Nyuma ya zizi wanaume wa pande zote mbili wakamzunguka mbuzi, na mzee akaanza. Kuchinja kulienda vizuri. Mguu wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili, nikaona anavuta mara mbili mahali pa kuvuta mara moja. Akaomba jiwe, akanoa, akarudi. Baada ya muda kidogo akaomba jiwe tena.

Alipofika mbavuni ngozi ikatoboka. Akajaribu bega, kisu kikateleza kwenye kiungo, nyama ikachanika vibaya, na lile ndilo bega la wakwe. Mzee mmoja wa upande ule, mtu wa utani, akasema, "Mzee, si tulete panga tu?" Watu wakacheka cheko la adabu.

Baba mkwe hakukitazama kisu. Hilo ndilo lililonimaliza. Kisu si kilikuwa kimenyoa mkono asubuhi, kila mtu ameona? Kwa hiyo alitazama mikono yake. Aliigeuza juu na chini, ikiwa na damu, kama vitu vya mtu mwingine. Kisha akasema polepole, "Mkono umeisha. Baba Kendi, maliza wewe."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Midomo ilifunguka. Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Nikaenda jikoni kwa mama mkwe nikaomba kisu chake cha kukatia sukuma wiki, kile chembamba cha dukani. Nikammaliza yule mbuzi kwa hicho, Njeru akinionyesha viungo. Na kwa sababu kisu kilikuwa kizima, kazi ikaonekana. Wakanipigia makofi. Mtu akasema mzee amepata mrithi, na kipande cha kwanza cha mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, nikapewa mimi. Nikakila, Mungu anisamehe, na kilikuwa kitamu.

Nilidhani mambo yataishia hapo.

Baba mkwe aliacha kisu. Majirani walipokuja kumwita alisema waniite mimi. Basi kila mwezi simu inalia, kuna mbuzi Kibugu, kuna mbuzi Manyatta, na mimi karani naomba ruhusa kazini kwenda kuchuna. Sehemu hii najua mnaicheka. Chekeni, Wawira pia hucheka. Mara mbili nilizimia nikasema ni njaa.

Isiyochekesha ni ile nyingine. Mzee alianza kuogopa mikono yake. Akimpa mtu kikombe anakishika kwa yote miwili. Njeru akampeleka hospitalini, daktari akaitazama asione kitu, akampa vitamini na kumwambia afinye mpira ili apate nguvu. Wakamnunulia mpira mdogo wa kijani. Mtu aliyechuma chai tangu ujana wake akawa anaketi barazani asubuhi nzima akifinya mpira, na majani yanakomaa shambani yakipita umri wa kuchumwa.

Akina mama wa kanisa wakaweka mikono yake kwenye maombi. Wikendi moja mama mkwe akasema mkwe ndiye aombe. Nikapiga magoti mbele ya yule mzee, nikaishika mikono yake miwili ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, na nikamwomba Mungu aiponye. Niliomba kwa sauti. Nikasema amina. Wawira alilia, na mimi nikajichukia kiasi kwamba usiku sikupata usingizi, lakini asubuhi bado sikusema.

Nilisema mwezi wa Agosti, na si kwa ushujaa. Njeru alinipigia simu kwamba Baba ameamua kukodisha shamba la chai. Mtu wa kulichukua alikuwa anakuja Jumamosi kuweka sahihi, miaka kumi. Mzee alikuwa amesema shamba linataka mikono, na yeye hana.

Ijumaa jioni nilimkuta kwenye mstari wa chai, amesimama tu, mpira mfukoni.

"Baba," nikasema, "mikono yako haina kitu. Ni kisu."

Nikamweleza yote, grainda, harufu, msasa, wimbo. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Ilikuwa rangi gani?"

"Samawati."

"Na ukaiona?"

"Niliiona, Baba."

Kisha akaingiza mikono kwenye kichaka cha chai akaanza kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili kwa kasi, hadi viganja vikajaa. Akavitazama. Machozi yakamtoka, na akawa anacheka hapo hapo, na mimi sikujua nisimame wapi.

"Ile siku uliniombea," akasema akiwa amenipa mgongo, "ulikuwa unamwambia Mungu nini?"

Nikainama nikaokota majani yaliyomdondoka. Hadi leo swali hilo sijalijibu.

Yule mtu wa kukodisha alipewa chai ya maziwa langoni, akarudishwa kwao. Kisu mzee alikichukua mwenyewe, akakilaza kwenye jiwe la mto lenye maji, akasugua kidogo kidogo kila asubuhi hadi ile sehemu yote iliyoungua ikaisha na chuma kigumu kikatokea. Ilimchukua wiki tatu. Kimebaki chembamba zaidi, lakini kinashika makali. Hakutaka nimsaidie hata kumwaga maji.

Adhabu yangu aliitoa kwa sentensi moja. Kwa vile wakwe wa Igoki waliondoka wakijua mikono yake imeisha, mimi ndiye niwaambie. Walipokuja mara ya pili nilisimamishwa mbele ya pande zote mbili kabla chakula hakijaombewa, nikasema kila kitu, pamoja na msasa. Yule mzee wa utani alicheka hadi akamwaga soda. Tangu siku hiyo watu wa kule wananiita Grainda, na nasikia jina limefika Runyenjes kabla yangu. Kisha baba mkwe akavua koti akaenda nyuma ya zizi, na ngozi ya mbuzi ikatoka nzima. Wazee wale waliinua ile ngozi juu wakaitazama kwa mwanga, hawakuona tundu.

Sasa nisikilizeni, hasa ninyi mnaonoa visu kwenye simu. Chagua kisu kwa kazi unayoifanya, si kwa kazi unayoitazama. Dira hujui utaitumia lini, lakini nyama iko Jumamosi hii. Noa kwa jiwe na maji, na mkono ukiwa haujazoea mpe kisu aliyezoea, hakuna aibu. Grainda ni ya mageti. Na ukiona ile rangi imetokea, usinunue msasa. Piga simu ukiwa bado umesimama pale kwa fundi, kabla mwenye kisu hajaanza kujitafutia ugonjwa ambao wewe ndiwe umempa.

Baba mkwe amenisamehe, alisema hivyo mbele ya mchungaji na namwamini. Bado ananiita Baba Kendi, bado ananiuliza habari za Meru. Lakini pale kwao nyama ikiletwa kwenye sinia, kisu huzungushwa na kila mwanaume hujikatia chake. Kikifika kwa Njeru, Njeru hunyoosha mkono juu ya mapaja yangu akampa anayefuata. Yangu mama mkwe huileta kando, kwenye sahani ya Kendi, imeshakatwa vipande vidogo.

Nakula. Nasema asante.